Tiba ya utando wa ubongo isogezwe Morogoro

Mgonjwa wa Bigwa, Morogoro, ambaye saratani yake imesambaa hadi kwenye utando wa ubongo asilazimike kufuata kila dozi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 200.

Dawa nyingi za mshipani haziufikii utando huo vya kutosha. Ndiyo maana dawa ya methotreksati huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, mara nyingi mara mbili kwa wiki mwanzoni. Treni ya umeme imefupisha safari, si mateso ya anayetapika njiani.

Dawa yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kigumu ni utaalamu: vinkristini, dawa nyingine ya saratani inayopaswa kuchomwa mshipani, ikichomwa mgongoni kimakosa, huua.

Wenye dhamana wafundishe wataalamu na watenge fedha, huduma ianze hospitali ya rufaa ya mkoa.