Fizikia Haifundishwi kwa Chaki Peke Yake

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huko Magamba, katika milima ya Usambara, husoma kitabuni kuwa maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Hukariri, na siku ya mtihani huandika hivyo hivyo. Chungu cha nyumbani kwao hakikubali. Magamba iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka yapata nyuzi 95 au pungufu. Ndiyo sababu maharage ya mlimani huchelewa kuiva, jambo ambalo akina mama wa Lushoto hawakungoja shule iwafundishe.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kijana awe na akili ya kudadisi. Lakini pasipo vifaa vya maabara, mwalimu hubaki na chaki, na kijana hubaki na daftari.

Kwa hiyo majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta yastahili kuangaliwa kwa makini. Mradi wa PhET ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Mwanafunzi huunga betri, waya na balbu kwenye kioo cha kompyuta, huongeza volti akaona mkondo ukikua. Akikosea, betri huwaka moto bila hasara ya hata senti moja. Majaribio hayo ni ya bure, baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yakishahifadhiwa hayahitaji intaneti. Kwa kijana aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, kisha akakabidhiwa fizikia kwa Kiingereza, hilo si jambo dogo.

Wako watakaosema huo ni mchezo. Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo kwamba wanafunzi waliotumia saketi za kuigiza walizielewa kuliko wenzao waliotumia vifaa halisi, na walipopewa waya za kweli waliziunga vizuri zaidi. Hata hivyo, matokeo hayo yasigeuzwe kisingizio cha kutojenga maabara. Igizo halimfundishi kijana kusoma kipimajoto kwa mkono unaotetemeka.

Mwalimu aonyeshaye picha zinazotembea kisha akaamuru zinakiliwe amebadili ubao tu. Ajuaye kazi yake huuliza kwanza: balbu ya pili ikiongezwa, mkondo utakuwaje? Kila mmoja huandika jibu lake kabla ya kitufe kuguswa. Na kwa Magamba, sufuria na kipimajoto vitangulie. Nyuzi 95 zikishaonekana, ndipo igizo la chembechembe za gesi lifunguliwe.

Kompyuta ya shule iliyofungiwa ofisini kwa kuchapa mitihani haitafanya kazi hiyo. Afisa Elimu anayekagua shule asitosheke kuhesabu mashine. Amwulize mwalimu wiki hii wanafunzi walibashiri nini, na walijuaje kuwa wamekosea.