Zima Sauti, Kisha Ufanye Jaribio

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari nchini Kenya imekuwa na alama 60, na nusu yake, yaani 30, ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Ndani ya ukumbi, hata hivyo, hasikilizi mtu wala hazungumzi mtu. Mtahiniwa huandika kwa kalamu herufi ipi haitamkwi, silabi ipi ina mkazo, na angejibu nini iwapo angekuwa anaongea na fulani. Mpango huo ulikuwa na utetezi wake: nani angepeleka kinasa sauti na betri katika kila kituo cha mtihani, kutoka Lamu hadi Lodwar, na kuhakikisha kila dawati linasikia sawa? Siku hizi utetezi huo umechakaa, angalau kwa mazoezi ya darasani na ya nyumbani. Zipo programu za kutengenezea masomo ya kompyuta na simu, kama H5P inayopatikana bure na Articulate Storyline ya kulipia, ambazo humwezesha mwalimu yeyote mwenye subira kupachika rekodi, kuweka swali chini yake na kumpa mwanafunzi alama papo hapo. Hofu yangu ni kwamba tunauhamishia ndani ya simu ukumbi ule ule wa kimya.

Chanzo cha tatizo ni mpangilio wa programu zenyewe. Ukifungua ukurasa wa swali jipya unakuta nafasi ya kuandika swali, nafasi za kuandika majibu, na mahali fulani pembeni kitufe cha kupakia sauti. Kwa hiyo mtengenezaji huanza na maandishi, na sauti huja mwisho, kama chumvi iliyosahaulika jikoni. Hapo ndipo huzaliwa swali la aina hii: rekodi inasema Juma alikwenda sokoni kununua samaki, na swali linauliza Juma alinunua samaki wapi, sokoni, darasani au msituni. Mtoto hahitaji masikio kulijibu. Kipimo ninachokipendekeza hakigharimu hata senti: zima sauti, kisha ulifanye jaribio zima. Maswali 10 yenye majibu manne kila moja yakijibiwa kwa kubahatisha tu, wastani ni kupata mawili au matatu. Ukipata saba sauti ikiwa imezimwa, umetunga jaribio la kusoma, au la akili ya kawaida, na alama zake hazisemi lolote kuhusu masikio ya mwanafunzi.

Jaribio linaloanzia kwenye sauti lina sura nyingine kabisa. Chukua tangazo la stendi lisilozidi sekunde 10: abiria wa Tanga wanaarifiwa kwamba basi lililokuwa liondoke saa mbili asubuhi sasa litaondoka saa tatu kasorobo. Kwenye skrini usiandike neno hata moja la tangazo. Weka picha nne za saa ya ukutani. Ya kwanza mshale mfupi uko kwenye 8 na mrefu kwenye 12. Ya pili mfupi unakaribia 9 na mrefu umesimama kwenye 9. Ya tatu inaonyesha 9 kamili. Ya nne mshale mfupi unakaribia 3 na mrefu uko kwenye 9. Jibu ni picha ya pili, lakini uzuri wa swali umo katika zile tatu za makosa, kwa sababu kila moja inamfichua msikilizaji wake. Aliyechagua ya kwanza alidaka saa ya mwanzo akaacha kusikiliza. Aliyechagua ya tatu alisikia “tatu”, “kasorobo” ikampita. Aliyechagua ya nne alisikia kila kitu, ila ni mgeni anayejifunza Kiswahili, pengine Leipzig, na hajazoea kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Programu hizi zinaruhusu kila jibu liwe na mrejesho wake. Basi kwa nini tuwaandikie wote watatu “Umekosea, jaribu tena”? Huyu arudishwe kwenye nusu ya pili ya tangazo, yule achezewe neno “kasorobo” peke yake, na mgeni apewe maelezo mafupi ya saa za Kiswahili.

Kiswahili chenyewe kimejaa mambo yasiyopimika ila kwa sikio. “Baba amefika” ni taarifa au ni swali kutegemea kiimbo, na alama ya kuuliza ikishaandikwa kwenye skrini kazi ya sikio imekwisha. “Barabara” yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Urudishe nyuma silabi moja, maana yake ni “sawasawa”. Hata zoezi la imla, ambalo H5P inalo likiwa na uwezo wa kuweka rekodi ya kasi ya kawaida na nyingine ya polepole, lina mtego wake: linapima tahajia pamoja na usikivu, na mtoto aliyesikia vizuri akaandika vibaya anaweza kupoteza alama sawa na ambaye hakusikia kabisa.

Watakuwapo wa kusema kwamba rekodi ichezwe mara moja tu, maana maisha hayarudishwi nyuma. Watataja mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wenye maswali 40 ya kusikiliza na rekodi isiyorudiwa. Nawajibu kwamba maisha yanarudishwa nyuma kila siku; ndiyo maana tuna “unasemaje?” na “hebu rudia”. Kinachosikika mara moja bila nafasi ya kuuliza ni tangazo la stendi au la uwanja wa ndege, na sehemu hiyo ni haki ichezwe mara moja. Mtihani wa Kijerumani wa Goethe wa ngazi ya A1, unaofanywa pia na vijana wetu wanaotaka kwenda Ujerumani, huchanganya: sehemu mbili husikilizwa mara mbili na moja mara moja. Kwa zoezi la kujifunzia ningemwachia mwanafunzi kitufe cha kurudia bila kikomo, ila programu ihesabu amekibonyeza mara ngapi. Idadi hiyo itamsaidia mwalimu kuliko alama.

Hoja nzito zaidi ni ya wanafunzi viziwi. Kuondoa maandishi si ndiko kuwafungia mlango? Ndiyo, kama hakuna mlango mwingine, na hapo mtengenezaji hana kisingizio. Lakini kumwekea kiziwi maandishi ya rekodi kisha kuliita jaribio la kusikiliza ni kujidanganya wote wawili. Anastahili kazi yake, kwa mfano video ya lugha ya alama yenye maswali ya uzito huohuo, na alama zake ziitwe jina lake halisi. Kwa wengine, maandishi yafunguke baada ya kujibu. Hapo yanafundisha bila kuvujisha jibu.

Imebaki hoja ya bando na vifaa, ambayo hutolewa kabla hesabu haijafanywa. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya ubora wa sidii, huzidi megabaiti 10. Dakika hiyohiyo katika MP3 ya kilobiti 64 haifiki nusu megabaiti, na sauti ya mtu anayeongea husikika vizuri. Vipande 10 vya nusu dakika hula chini ya megabaiti tatu badala ya 50 na zaidi. Pasipo intaneti, kuna programu kama Kolibri inayogawa masomo kutoka kompyuta moja ya shule. Na hata kabla ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio iliyouliza swali kisha ikanyamaza kidogo, watoto wajibu kwa sauti. Zanzibar baadaye ikafuata njia hiyo kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Redio haikujua nani kajibu nini. Simu inajua, na inaweza kumletea mwanafunzi sauti ambazo mwalimu mmoja hana: muuza samaki wa Pangani, kondakta wa Mwanza, mama wa Bukavu anayeagiza sukari. Rekodi hizo hazihitaji studio. Zinahitaji chumba chenye mapazia mazito, simu isiyoshikwa karibu mno na mdomo, na jogoo wa jirani awe amelala.