Kaiser hakuja, lakini nyumba yake ipo

Leo naweka asaimenti pembeni niongelee kwetu.

Waliofika Kigoma mjini wanaijua Kaiser House, lile jumba la Wajerumani linaloangalia ziwa. Inasemekana walilijenga ili Kaiser Wilhelm II akija kuwinda na kupumzika awe na pa kufikia. Reli ilifika Kigoma 1914, vita ikaanza mwaka huohuo, na Kaiser hakutia mguu. Lakini nyumba ipo mpaka leo, ndiyo Ikulu ndogo.

Wafalme wa Ulaya walivipenda sana vijumba vya mapumziko. Ufaransa wana Petit Trianon, kajumba ka mawe ndani ya bustani za Versailles kaliokamilika 1768, na watu bado wanalipa kiingilio kwenda kukaangalia.

Sasa tupande wote Kasulu, Heru Juu, kwenye baridi. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru. Kibondo nako kulikuwa na Mwami wa Muhambwe. Na miaka ya 1950, kabla ya Uhuru, aliyekalia kiti cha Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare!

Tatizo ni kwamba nyumba za Waha wa zamani zilikuwa za msonge, miti na nyasi. Nyasi zikioza hakuna nguzo ya kupigia picha. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mengine mpaka waziri atangaze. Jamani, nyumba ya nyasi itafikisha umri huo lini? Kipimo hicho ni cha mawe.

Kwa hiyo mimi nasema kumbukumbu zetu haziko kwenye kuta, ziko kwa wazee. Uchifu ulifutwa 1963. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, sasa ameshavuka 75. Nani atatueleza ua ulikaaje, ngoma ziliwekwa wapi, mtu wa kawaida aliingiaje kwa Mwami? Google haijui.

Likizo hii, wana-Kasulu na wana-Kibondo, simu zetu zote zinarekodi. Muulize babu au bibi swali moja tu, kwa Kiha: kwa Mwami palikuwaje? Halafu nyamaza, mwache aongee. Tukisubiri wizara, mgeni akija tutamsimulia Kaiser ambaye hakufika, na Mwami aliyekuwepo tutakosa la kusema.

Nawasilisha.