Blanketi Mabegani mwa Adui

Mwezi huu nawaletea habari za Lawrence Hart wa Oklahoma, Marekani, aliyefariki mwaka 2022. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Mennonite, na pia chifu wa amani wa Wacheyenne, mojawapo ya makabila tuliyofundishwa shuleni kuyaita Wahindi Wekundu. Baraza lao lina machifu 44. Chifu wa amani halipi kisasi, hata mwanawe akiuawa mbele ya hema lake. Fundisho zito hilo! Na Hart alikuwa rubani wa ndege za kivita kabla ya kuitwa kushika nafasi ya babu yake.

Zamani chifu wa namna hiyo alikuwa Black Kettle. Alfajiri ya Novemba 27, 1868, askari wapanda farasi wa Custer walivamia kijiji chake kando ya mto Washita. Waliuawa yeye, mkewe, na akina mama na watoto pamoja nao.

Mwaka 1968, miaka 100 ilipotimia, watu wa mji wa karibu walitayarisha maigizo ya siku ile. Hart alikubali kushiriki, na watoto wake wakawemo katika kijiji cha mahema. Hakuambiwa kwamba kutoka California kingekuja kikundi kilichojiita wajukuu wa jeshi lile, chenye sare na bunduki za kale. Ghafla wakatokea wakifyatua risasi za mlio tu. Mama mwenzangu, hebu fikiri: wanao wanashambuliwa na watu waliovaa sare ya wale waliowaua bibi zako, na umati unatazama kama mchezo! Hart alikiri baadaye kwamba aliwachukia. Mimi ningewashika wanangu mkono nikaondoka zangu.

Yeye alibaki, kwa sababu siku hiyo hiyo kulikuwa na maziko. Mifupa ya mmoja wa waliouawa ilikuwa imewekwa katika jumba la makumbusho, na sasa ilikuwa inarudishwa ardhini. Jeneza lilipokuwa likipita, mama mmoja wa Kicheyenne alivua blanketi lake zuri la sufu akalifunika. Kwa desturi, blanketi hilo hupewa mgeni. Hart alidhani atapewa mkubwa fulani wa serikali. Wazee wakamnong'oneza: mpe kapteni wa wale askari.

Hart alitetemeka, lakini alitii. Akamwita kapteni, akamwambia ageuke, akamfunika blanketi mabegani. Machozi yakawatoka watu wa pande zote mbili.

Baadaye kapteni alichomoa kwenye sare yake beji ya Garryowen, wimbo ambao jeshi la Custer lilipigiwa likienda kushambulia. Akampa Hart, akiahidi kwamba Wacheyenne hawatausikia tena.

Hart alitumia miaka mingi kuhimiza mifupa ya wenyeji iliyobaki makabatini irudishwe na kuzikwa kwa heshima.