Penda mti wako, lakini mwaga maji ya kisahani

Sina ugomvi na maua. Hata mtu aliyepanga chumba katika ghorofa ya nne ana haki ya kuwa na kijani mbele ya macho yake. Mti mdogo ndani ya chungu, uwe mlimau, asumini au mpeasi uliopandwa kwa ajili ya maua yake meupe, huipamba veranda na kuiburudisha roho. Ugomvi wangu ni na kile kisahani kilicho chini ya chungu, ambacho maji hukaa ndani yake juma zima bila mtu kukitazama.

Wengi wetu tunaamini kuwa mbu huzaliwa vichakani na katika mitaro michafu. Hiyo ni kweli kwa mbu wa aina fulani tu. Yuko mbu mwingine aitwaye Aedes aegypti, mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, ambaye hupenda kuishi karibu na watu. Hutafuta maji matulivu katika mapipa, mitungi, matairi makuukuu na visahani vya maua. Jike hutaga mayai ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakipanda na kuyafikia, viluwiluwi hutoka, na penye joto huwa mbu kamili baada ya siku saba hadi kumi hivi. Maji yakikauka, mayai hayafi upesi. Yaweza kukaa miezi kadhaa yakisubiri siku utakapomwagilia tena.

Mbu huyo ndiye anayeeneza homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, pamoja na chikungunya. Haya si maradhi ya kusikia kwa mbali. Dengi ilizuka Malindi na Kilifi mwaka wa 1982, kisha ikaisumbua Mombasa mwaka wa 2013, 2017 na 2021. Chikungunya nayo iliingia Lamu mwaka wa 2004, na kati ya 2017 na 2018 ikawalaza watu wengi Mombasa. Jina lenyewe limetoka kwa Wamakonde, nalo lahusu kujikunja, kwa sababu mgonjwa hupinda mgongo kwa maumivu ya viungo.

Kisa cha Lamu kina funzo. Wakati ule kulikuwa na ukame, na watu walikuwa wakiweka akiba ya maji majumbani. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba hatari huja na masika pekee. Mbu huyu hahitaji mvua. Chombo chenye maji kinamtosha.

Isitoshe, chandarua unacholalia hakimzuii sana, kwani yeye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kutua. Hizo ndizo saa ambazo watoto hucheza verandani, kando ya mti wako. Wasomaji wa bara nao wasijione salama. Mbu huyu amepatikana Kisumu na hata Nairobi.

Homa ikianza, wengi hukimbilia dawa za malaria bila kupimwa. Dengi huleta homa kali ya ghafla, kuumwa na kichwa, maumivu nyuma ya macho, katika misuli na viungo, na pengine vipele. Nenda ukapimwe damu. Ukishuku dengi, usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa maana huongeza hatari ya kutokwa na damu. Kunywa maji kwa wingi na utumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Mgonjwa akiumwa vikali na tumbo, akitapika mfululizo, akitokwa na damu kwenye ufizi au akilegea, mpeleke hospitali mara moja. Dalili hizo aghalabu hujitokeza pale homa inapoanza kushuka, wakati jamaa wanadhani amepona.

Najua utaniuliza, "Daktari, nikimwaga maji mti si utakufa kiu?" La, hautakufa. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ikikaa ndani ya maji siku nyingi huoza, na majani hugeuka manjano. Mwenye mti akiyaona hudhani ni kiu, akaongeza maji na kuumaliza kabisa. Linalomdhuru mtoto wako hapa ndilo linaloudhuru mti wako.

Basi fanya hivi. Tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Ngoja nusu saa, kisha umwage yaliyobaki kisahanini. Mara moja kwa wiki kisugue kisahani kwa brashi hadi ukingoni, maana mayai hushikilia hapo na hayatoki kwa kusuuzwa tu. Ukiona kazi hiyo ni nyingi, kijaze mchanga ili maji yasituame. Udongo uliogandamana juu ya chungu ulegeze, na vyungu vitupu uvifunike au uvilaze kifudifudi.

Wengine watasema kazi ya mbu ni ya serikali. Ni kweli kwamba tangu 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti zina deni kwetu: kuzoa taka kwa wakati na kuhakikisha mifereji ina maji, ili watu wasilazimike kujaza mapipa. Lakini moshi wa dawa unaopulizwa barabarani huua mbu wanaoruka. Hauyafikii mayai yaliyo verandani mwako. Hakuna afisa wa afya awezaye kubisha hodi katika kila nyumba kila wiki.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayo sehemu inayohusu kuzuia na kuangamiza mbu. Huko Singapore wakaguzi huingia majumbani, na mwenye nyumba akikutwa na viluwiluwi anaweza kutozwa faini. Mimi sitamani kuona mama akipelekwa kortini kwa sababu ya chungu cha maua. Naona ni aibu, hata hivyo, tungoje kulazimishwa kufanya kazi ya dakika tano.

Chagua siku moja katika wiki, iwe Jumamosi au nyingine, na umpe mtoto mmoja wa nyumbani jukumu la kukagua visahani vyote. Mweleze jirani yako pia, kwa sababu mbu wake hawajui mpaka wa nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni kisahani kidogo tu. Kimwage leo.