Vijiti vya rezo vimejaa, lakini ujumbe hauondoki: ARPTC ipime nini?

Asubuhi mjini Bukavu, abiria amekaa nyuma ya motari anayeteremka kutoka Kadutu kwenda Nyawera. Simu yake inaonyesha vijiti vyote vya rezo. Anatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, alama inazunguka tu. Motari akisimama kidogo, ujumbe unaondoka mara moja. Abiria analalamika kwamba kampuni "inakula mega". Lawama hiyo ina msingi, ila inalenga pembeni kidogo.

Vijiti vinaonyesha nguvu ya ishara inayofika kwenye simu. Havionyeshi jinsi njia ya ishara hiyo inavyobadilika. Wimbi linalotoka kwenye antena haliji moja kwa moja: linagonga mabati, kuta, vilima, hata maji ya Ziwa Kivu, kisha linafika vipande vipande. Vipande vikipatana, rezo inakamata vizuri. Vikipingana, inazama. Kwenye masafa ya megahezi 1800, ambayo 4G hutumia mahali pengi, mtu akisogea sentimita 8 tu hali inaweza kuwa nyingine kabisa. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa inapita sentimita hizo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Ndiyo maana antena haiwezi kutuma maneno ya watu peke yake. Inachanganya ndani yake ishara ambazo simu inazijua tangu mwanzo. Simu inalinganisha kilichofika na kile ilichokuwa inakingojea, kisha inajua njia imeharibu nini. Baadaye inairudishia antena ripoti: tuma kwa kasi, au punguza. Ripoti hiyo ikichelewa wakati pikipiki inakimbia, antena inafuata habari iliyokwisha kupitwa. Data inafika imeharibika, na inabidi itumwe upya.

Dereva wa lori la kwenda Kalehe anaielewa hali hii bila kusoma uinjinia. Wakati wa kiangazi anawauliza wanaotoka mbele mara moja tu, barabara ikoje, na anaendelea. Wakati wa mvua anauliza kila kona. Asipouliza, anazama kwenye tope. Akisimama kuuliza kila mita kumi, atafika usiku na nyanya zimeoza. Kuuliza kuna gharama yake.

Katika 4G gharama hiyo inajulikana. Antena inagawa muda na masafa yake katika vijisehemu vidogo. Mnara ukituma kwa antena mbili, katika kila vijisehemu 168, 16 ni vya ishara hizo za kupima njia. Zikiwa antena nne, vinafika 24. Yaani karibu sehemu moja kwa kumi, au zaidi, haibebi ujumbe wa mtu yeyote. Na katika mpango wa kawaida wa 4G ishara hizo zinatumwa hata saa nane ya usiku, mtaa mzima ukiwa umelala. Vijijini, ambako minara mingi haina umeme wa SNEL, ni mafuta ya jenereta au betri za sola zinazoilisha kazi hiyo.

Hapa lazima haki itendeke kwa kampuni: ishara hizo hazikatwi kwenye forfe ya mteja. Kinachopungua ni nafasi ya wote wanaotegemea antena hiyo. Mega za mteja zinaumia kwa njia nyingine. Video ikikatika katikati na programu ikaanza kuipakua upya tangu mwanzo, mteja analipia kitu kimoja mara mbili. Kwa mwanafunzi anayenunua mega za siku moja, hilo si jambo dogo.

Waliotunga 5G waliona hasara hii. Katika kanuni zake za kwanza, zilizokamilika mwaka wa 2018, sehemu kubwa ya ishara hizo inasafiri pamoja na data ya mtu anayehudumiwa. Aliyekaa nyumbani anaweza kupimiwa mara moja katika kipande cha muda, aliye kwenye gari linalokimbia hadi mara nne. Hata kwenye 4G zipo mbinu za kupunguza ishara hizo saa ambazo hakuna mtu. Ni suala la mitambo, na la anayeamua kuitumia.

Kwa hiyo jibu la kila siku la wakubwa, kwamba dawa ni minara zaidi na masafa zaidi, ni nusu ya jibu. Kijiji cha Masisi kisicho na mnara hata mmoja kinahitaji mnara, hapo hakuna ubishi. Na si kila kukwama kunatokana na njia ya mawimbi; watu wakijaa kwenye antena moja, rezo inalemewa vilevile. Lakini Goma na Bukavu minara ipo. Kuongeza masafa bila kuuliza yale ya kwanza yanatumiwaje ni kumwagia maji pipa linalovuja.

Masafa ni mali ya umma. Kampuni zinapewa kibali tu cha kuyatumia. Raia wana haki ya kujua yanatumiwaje, na wa kuwaambia ni ARPTC, mamlaka inayosimamia simu nchini. Wengi hawajasahau RAM, ile ada iliyokuwa ikikatwa kwenye salio la simu tangu 2020 hadi ilipofutwa mwaka wa 2022. Kukata pesa kulifanyika haraka. Kupima huduma kufanyike vilevile, na kusifanyike kwa gari lililosimama chini ya mnara. Wapimaji wapande pikipiki kutoka Kadutu, waingie kwenye boti za Idjwi, wapite barabara ya Sake mchana watu wakiwa wengi. Waandike ni data kiasi gani ilifika na kiasi gani ilirudiwa, kampuni kwa kampuni, kisha matokeo yabandikwe kwenye ofisi za komini, kwa Kiswahili, ili abiria yule wa Nyawera ajue laini ipi ya kununua.