Kabla Kijiko Hakijaanza Kuchimba: Neno kwa Wanaojenga Hedaru

Ndugu zangu wa Hedaru, pamoja nanyi mlioko Dar es Salaam ambao kila Desemba hupanda basi kuja kuwasalimia wazee, nina neno juu ya mashimo.

Mji wetu wajengwa. Viwanja vya kando ya barabara kuu vyagombewa, nyumba za zamani zaondoka, na mahali pake pasimama fremu za maduka. Ghorofa zitafuata. Sina ugomvi na ghorofa. Mwenye fedha na ajenge, tena ajenge imara. Ugomvi wangu ni na zile siku chache kati ya kubomoa na kumwaga zege la msingi. Mafundi huziita kusafisha eneo. Katapila laja asubuhi, kifusi chapakiwa kwenye tipa, na jioni kiwanja ki cheupe. Mabati na milango hupata mnunuzi, na mengine yote huishia korongoni. Hakuna aliyepiga picha, wala aliyeuliza nyumba ile ilijengwa na nani na ilikuwa ya kazi gani.

Najua nitakalojibiwa: Hedaru si Kilwa wala Bagamoyo, hapa kuna nini cha kutunzwa? Kwanza ipo reli. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Buiko, jirani zetu, mwaka 1909, kisha ikapita hapa kwetu na kufika Moshi mwaka 1911. Miji yetu ya chini ilikua kwa kuifuata njia hiyo. Lakini Wapare hawakuanza na reli. Miaka ya 1960 wachunguzi wa mambo ya kale walichimba milimani kwetu wakapata vigae vya vyungu vya kale sana. Aina moja ya vyungu hivyo yajulikana katika vitabu vyao kwa jina la Maore, na Maore ni hapo tu, ng'ambo ya milima yetu. Huko Upare Kaskazini, mojawapo ya sehemu zilizotoa vigae yaitwa katika maandishi yao Hospitali ya Usangi. Angalieni jambo hilo: historia ya kale ya nchi hii imepewa jina la hospitali, kwa kuwa ilikutwa katika eneo lake. Nani basi atatuhakikishia kwamba chini ya fremu zetu hamna kitu?

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hii, alichapisha mwaka 1969 historia ya Wapare aliyoikusanya kwa kuwasikiliza wazee. Wazee wale wamekwisha lala. Sasa shahidi aliyebaki ni udongo, nasi twampakia kwenye tipa.

Nitawapa mfano wa mbali, maana twapenda mno kudhani kwamba wakubwa wa dunia hawakosei. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilikuwa ikiandaa kiwanja mjini New York cha kujenga jengo la ofisi la ghorofa 34. Ramani za kale zilionyesha kwamba hapo palikuwa na makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa. Wenye mradi wakajipa moyo kwamba majengo yaliyotangulia yalikwisha yaharibu yote. Walipochimba wakayakuta makaburi chini ya kifusi cha mita kadhaa, kwa kuwa kifusi chenyewe kiliyafunika na kuyahifadhi. Watu weusi wa mji ule walipiga kelele hadi mwaka uliofuata uchimbaji ukasimamishwa. Mifupa ya watu zaidi ya 400 ilichunguzwa kwa heshima, ikazikwa tena mwaka 2003, na mahali pale pakatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2006. Na jengo, je? Lilijengwa na lipo hadi leo. Kilichopunguzwa ni sehemu ya mchoro iliyoingia makaburini. Sisi ambao mababu zetu walitunza mafuvu ya wazee wa ukoo mahali pa matambiko, hatukupaswa kufundishwa jambo hili na New York.

Tena sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yamtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Kasoro yake ni kwamba ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Chungu cha bibi wa bibi yako chaweza kuwa salama. Jengo la wakati wa Mjerumani halina kinga mpaka litangazwe. Basi na tuombe yatangazwe! Sisi Wapare tunaosemwa kila mahali kwa kupenda kesi, tunaoweza kufikishana mahakamani kwa mpaka wa shamba la upana wa unyayo, tumeshindwaje kuandika barua moja ya kudai jengo la mji?

Wengine watalalamika kwamba kungoja ni gharama. Gharama gani? Mwenye kujenga ghorofa kwa akili hana budi kupima udongo kwanza. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa iliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Haraka na ardhi hazipatani. Mashimo yale yale ya kupima udongo ndiyo ya kutazama kama kuna vigae, majivu au mawe yaliyopangwa. Kabla ya kubomoa, kijana mwenye simu na apige picha kila ukuta, kisha amwendee mzee wa jirani aandike anayoambiwa. Mlango wa zamani na usipasuliwe kuni, upelekwe shuleni, watoto wauone. Kikionekana kitu ardhini, kijiko kisimame, mwenyekiti wa kitongoji aitwe, naye apeleke habari wilayani Same.

Nanyi wa Dar es Salaam, ambao fedha za ujenzi huu zatoka mifukoni mwenu, mkimpigia fundi simu kumwambia aanze, mwambieni na hilo. Fundi humsikiliza anayemlipa.